Siku Tuliyomtembeza Mzee Karangwa Serikalini

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Kimisagara, Kigali, na fundi jirani yangu akaitoa ile pasi ya makaa ambayo siku zote anaitumia kuzuia mlango usijifunge. Akapuliza makaa, akanyunyiza maji kwenye suruali ya sufu, akapitisha pasi. Harufu ikanifikia kwenye cherehani yangu. Nikuelezeje? Shule niliiacha njiani, labda sura ya harufu ilikuwa mbele. Fikiria mbwa aliyenyeshewa, amekaa karibu na jiko, amevaa tai. Ndiyo hiyo. Kwa watu wengine ni harufu ya nguo mbichi. Kwangu mimi ni harufu ya serikali.

Usicheke kwanza, ngoja nifike.

Nilikulia Biryogo kwa bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, akija anatuachia tende na vumbi, anaondoka. Aliyenilea hasa ni mdogo wake, Baba mdogo Hamisi, fundi wa suti kwenye baraza ya nyumba yetu. Mkono wake haukuwa na mfano. Koti likitoka kwake linamkaa mtu mpaka anaanza kutembea kama tajiri. Tatizo lake lilikuwa moja tu: halimaliziki siku aliyosema. Kila mteja anaambiwa kesho. Mtaani kwetu mtu akitaka kukwambia jambo halitatokea upesi, anakwambia, "Hiyo ni kesho ya Hamisi."

Na wateja wake walikuwa wakubwa. Wakurugenzi, makatibu, watu wa minisiteri, wale wa wizarani. Asubuhi alipanda mjini na utepe wa kupimia shingoni, jioni anashuka, anakaa, anavua viatu, anamwambia bibi, "Mama, serikali imenenepa tena. Kiuno kimeongezeka." Bibi anajibu bila kuacha kuchambua mchele, "Inakula vizuri, alhamdulillah."

Mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nikajua Serikali ni mtu. Mwanaume mmoja, mkubwa sana, mpole, anayekaa mjini, leo ndani ya jengo hili kesho ndani ya lile, na kila jengo limewekwa milango mipana ili apite. Nilitumwa mara nyingi kupeleka vifurushi vya nguo kule, lakini niliishia kwenye dirisha la nyuma, tarishi ananyoosha mkono, anachukua, kwisha. Kabla dirisha halijafungwa nilikuwa nachungulia nimwone. Sikumwona hata siku moja. Nilimwonea huruma, na kiuno kile, na ngazi zile.

Sasa Baba mdogo Hamisi akapenda. Msichana aliitwa Mariamu, alikuja Biryogo kwa shangazi yake kujifunza kushona, akafika na kitambaa kimoja akabaki na moyo wa fundi mzima. Alikuwa anacheka polepole, kama mtu anayefungua zawadi. Mimi nilimpenda kabla ya baba mdogo, kwa sababu alinisuka nywele bila kunivuta. Nilitaka aje kwetu kuliko nilivyotaka baiskeli.

Kumpata Mariamu lakini ilikuwa lazima tumpate kwanza babu yake. Mzee Karangwa alitoka kwenye vilima mbele ya Rwamagana. Ujana wake aliumalizia Karagwe akifanya biashara ya mbuzi, na kutoka huko alirudi na Kiswahili cha amri, kifupi, kisicho na tafadhali. Wazazi wa Mariamu walikuwepo, lakini neno lilikuwa lake.

Siku ya kuposa tulikwenda na msemaji wetu, Mzee Sefu, muuza vitambaa. Kwetu msemaji wa upande wa kijana anachaguliwa kwa mdomo, na bwana harusi mwenyewe anakaa kimya. Hasemi neno mbele ya wakwe mpaka apewe mke. Akikohoa wanamtazama. Kwa hiyo Baba mdogo Hamisi alikaa pale kama kabati, na Mzee Sefu akafungulia. Akasifu ukoo, akasifu mikono ya kijana, na alipoona bado uso wa Mzee Karangwa haujalainika, akaruka mtaro mkubwa kuliko miguu yake. Akasema, huyu kijana si fundi tu, huyu ni mtu wa serikali. Kule mjini hakuna mlango wa minisiteri usiojua jina lake. Akipita, wakubwa wanasimama.

Mzee Karangwa akatema mate pembeni, kwa adabu. Halafu akasema, "Sawa. Nitakuja Kigali. Mtanitembeza kwenye hiyo serikali. Nikisikia mkubwa mmoja tu anamwita huyu kijana kwa jina lake, bila ninyi kumwambia, msichana ni wenu. Nisiposikia, rudini na ng'ombe yenu, na mjifunze kusema kweli."

Njia nzima ya kurudi Baba mdogo Hamisi alikuwa haongei, na safari hii si kwa desturi.

Shida ilikuwa hivi: Mzee Sefu hajawahi kufika minisiteri. Alijua mji mpaka soko. Bwana harusi anajua kila kona lakini mdomo umefungwa na desturi. Nani atawaongoza wageni? Wakatazamana pale barazani, wakatazama vitambaa, mwishowe wakanitazama mimi. Mtoto wa miaka kumi, jino moja la mbele halipo, lakini ndiye anayejua madirisha yote ya nyuma ya dola.

Tukapanga. Nilikuwa na akili ya kupanga kuliko ya shule. Tutaanza posta, kwa sababu ngazi zake zinapendeza. Halafu benki kubwa, tuwaonyeshe vioo. Halafu mzunguko wa barabara katikati ya mji, wapumzike, wanywe Fanta. Mwisho minisiteri yenyewe, kwenye jengo ambalo baba mdogo anajulikana zaidi. Siku gani? Ijumaa kuna swala. Jumapili ofisi zimefungwa. Siku nyingine wageni wana mashamba. Tukachagua Jumamosi asubuhi. Mzee Sefu akasema Jumamosi kuna umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo kila mtu anatoka na jembe kusafisha mitaro na barabara, huwezi kuonekana unatembea tu umevaa vizuri. Lakini akasema hilo ni dogo. Akaenda kwa konseye, kiongozi wa sekta yetu, akamweleza habari ya posa. Konseye akacheka, akatusamehe umuganda, nyumba yote na wageni wake. Tulifurahi mpaka bibi akapika pilau.

Hakuna hata mmoja wetu, wazee kwa watoto, aliyejiuliza kama serikali nayo imesamehewa.

Ilikuwa likizo kubwa, kiangazi, wakati ule kabla vita havijaanza. Vumbi jekundu limekaa juu ya majani kama unga wa pilipili. Wageni walishuka stendi asubuhi na mapema: Mzee Karangwa na fimbo yake na koti lililoliwa na mende begani, wajomba wawili wa Mariamu, na shangazi mmoja aliyevaa mshanana, vazi la sherehe linalofungwa begani, ambao ulikuwa mweupe mpaka tulipofika kona ya kwanza. Baba mdogo Hamisi alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe usiku na mchana, na kwa sababu hiyo kazi zote za watu zilikuwa zimesimama. Mabunda ya vitambaa vyao yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari.

Nikatangulia. Mgongo umenyooka, kichwa juu, nimepakwa mafuta mpaka nang'aa kama sambusa. Mzee Karangwa alinitazama akauliza huyu mtoto ni nani. Mzee Sefu akasema ni mwongozaji. Mzee akaguna.

Njiani nilimweleza. Nilimwambia atamwona Serikali mwenyewe, asiogope, ni mkubwa wa mwili lakini mpole. Nikamwambia kiuno chake kinaongezeka, baba mdogo ndiye anayempima. Mzee Karangwa akapunguza mwendo.

"Umemwona?"

"Bado, babu. Lakini nabeba nguo zake."

"Anavaa nini?"

"Kijivu. Siku ya sikukuu, bluu."

Akatingisha kichwa polepole kama mtu anayepewa habari muhimu, na tukaendelea.

Posta ilikuwa imefungwa. Nikasema tumewahi, Serikali bado anakunywa chai. Benki ilikuwa imefungwa. Askari wa mlangoni alitutazama na mshanana wetu na suti yetu akauliza kama tumepotea harusi. Mzee Sefu alianza kuusifu ukuta. Akasema ukuta huu peke yake una mifuko mingi ya saruji kuliko kijiji kizima, na vioo hivi vilikuja kwa ndege. Mzee Karangwa akagonga ukuta kwa fimbo.

"Sikuomba kuona kuta," alisema. "Kwetu pia mawe yapo."

Kwenye mzunguko wa barabara hapakuwa na Fanta, wauzaji wote wako kwenye umuganda. Tukasimama juani. Mji ulikuwa mtupu kama sinia baada ya wageni. Shangazi alikuwa anafuta vumbi kwenye mshanana wake na kuzidi kulieneza. Nilimtazama Baba mdogo Hamisi. Jasho lilikuwa limeanza kutoka chini ya kofia, linashuka mpaka kwenye kola ile aliyoipiga pasi mara nyingi. Alinitazama kwa macho tu, kusema hawezi, na macho yale yalikuwa yanauliza: sasa?

Wajomba wakaanza kunong'ona habari ya gari la kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mariamu anaweza asije. Mpaka dakika ile nilidhani tunatembea tu. Nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Mlango wa mbele ni wa watu wasiojulikana. Sisi tunapita nyuma." Nikaondoka bila kungoja ruhusa, na kwa kuwa nilikuwa mwongozaji, wakanifuata.

Nyuma ya minisiteri kuna mteremko, na kwenye mteremko kuna mtaro wa maji ya mvua. Mle ndani walikuwemo wanaume wengi, na majembe na mabeleshi, wanatoa matope makavu na takataka. Wamevaa kandambili, suruali zilizochakaa zimekunjwa magotini, fulana, kofia za karatasi za kuzuia jua. Nikamwambia Mzee Karangwa hao ni vibarua tu, apite, asichafue viatu. Serikali hayuko hapo.

Nilipogeuka kumtafuta Baba mdogo Hamisi, hakuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya shina la mti, upande mmoja wa suti unaonekana, kofia ameivuta mpaka kwenye pua. Sikuelewa. Mzee Sefu naye hakuelewa, na ndiyo maana aliendelea kulisifu paa.

Ndipo mwanaume mmoja ndani ya mtaro akainama kuvuta jiwe, akatugeuzia mgongo. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake kulikuwa na kifungo kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Suruali nyeusi, uzi mwekundu. Kifungo kile nakijua. Nilikishona mimi, siku uzi mweusi ulipoisha, na nilipigwa makofi mawili kwa ajili yake. Suruali ile niliibeba mwenyewe mpaka kwenye dirisha.

Damu ilinipanda. Kibarua ameiba suruali ya Serikali.

Nikashuka hadi kwenye ukingo wa mtaro, mikono kiunoni, mbele ya wageni wote. Nikamwambia, "Baba, hiyo suruali uliyovaa ni ya Serikali."

Majembe yakasimama. Yule mwanaume akanyooka taratibu, akajifuta uso na mkono wenye matope, akanitazama. Alikuwa na kitambi kizuri na miwani yenye vumbi.

"Ni kweli," alisema. "Na ile mpya iko wapi? Wewe si mtoto wa Hamisi fundi?"

"Ndiyo."

"Hamisi iko wapi?"

Mimi nilifundishwa kujibu wakubwa. Nikanyoosha kidole kwenye mti.

Akaweka jembe begani, akaita kwa sauti iliyopanda mteremko mzima. "Hamisi. We Hamisi. Toka huko, sha, nimekuona. Suruali yangu tangu Pasaka iko wapi?"

Ilikuwa kama mtu amepiga mzinga wa nyuki. Kila aliyekuwa kwenye mtaro akageuka. Hamisi iko hapa? Hamisi gani, ule wa kesho? Mwingine akasema koti lake, mwingine akasema harusi ya mdogo wake ilipita akiwa amevaa koti la kuazima, mzee mmoja mwembamba mwenye beleshi akauliza kwa huzuni kama kaunda suti yake bado iko hai. Jina la baba mdogo lilirushwa kutoka mwisho mmoja wa mtaro mpaka mwisho mwingine, Hamisi, Hamisi, Hamisi, na mtu mzima akatoka nyuma ya mti kama mbuzi anayevutwa kwenda mnadani. Na bado hawezi kusema. Desturi imemfunga mdomo. Alisimama mbele ya wakwe zake na mbele ya minisiteri nzima, akafungua mikono tu, hivi, kama mtu anayeomba dua.

Mzee Sefu alikaa chini kwenye nyasi.

Mzee Karangwa alikwenda mpaka ukingoni. Akamwuliza mwenye miwani, "Wewe ni nani hapa?"

Mtu mmoja aliyekuwa pembeni akajibu kwa niaba yake kwamba huyo ni direkteri, mkurugenzi mzima. Na yule? Mkuu wa ofisi fulani. Na yule mwembamba? Huyo ni katibu wa siku nyingi. Mzee akawatazama mmoja mmoja na matope yao. Halafu akanigeukia mimi.

"Nionyeshe sasa. Serikali ni yupi?"

Nikatazama. Nikatazama vile viuno. Kuna vinene, vyembamba, kimoja kimefungwa kamba badala ya mkanda. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na ukubwa nilioungoja miaka yote. Nikainamisha kichwa, kwa sababu niliona nimemdanganya mzee wa watu. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye harufu ya tumbaku.

"Ni wote hawa, mjukuu wangu. Ila kila mmoja ana kiuno chake."

Akamgeukia direkteri tena. "Huyu kijana unamjua vizuri?"

"Mzee, namjua kuliko ndugu yangu. Ndugu yangu simtafuti kila wiki."

"Anashona vizuri?"

Direkteri akafikiria, akajitazama suruali iliyokunjwa. "Hii nimevaa miaka sita. Inalima sasa. Haijaachia hata mshono mmoja. Kama asingeshona vizuri ningekuwa nimeshakwenda kwingine. Tatizo lake ni kalenda."

Hapo Mzee Karangwa akacheka. Sikuwa nimejua kama anaweza. Kicheko chake kilikuwa kama mlango wa zizi ambao haujafunguliwa siku nyingi. Wajomba wakacheka kwa kuwa yeye amecheka, shangazi akacheka akasahau mshanana, na mtaro mzima ukacheka bila kujua sababu. Alipomaliza alijifuta macho, akapiga fimbo chini, akasema neno ambalo kwetu msemaji wa msichana analisema siku ya kutoa, na likishatoka halirudi.

"Turamubahaye. Tumewapa. Mtu anayedaiwa nguo na serikali nzima hawezi kumkimbia mke, watamtafuta wao. Lakini harusi itakuwa siku hawa wote watakapokuwa wamevaa."

Watu wa mtaroni wakapiga makofi, yale makofi mazito ya mikono yenye udongo. Baba mdogo Hamisi, sasa mdomo umefunguliwa kisheria, neno lake la kwanza kama mkwe lilikuwa, "Kesho, inshallah." Walimrushia matope.

Halafu ilikuwa aibu kusimama pale na mikono misafi, umesamehewa au hukusamehewa. Wajomba wakavua viatu. Baba mdogo akavua koti, akaniwekea mikononi, akaingia mtaroni na suruali ya harusi. Hata Mzee Sefu alibeba majani mawili matatu. Mimi nilibaki juu na koti lile kwenye mikono, limelowa jasho, jua linalikausha, na harufu inapanda puani. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hii. Hivi ndivyo anavyonuka.

Nyumba yetu haikulala mwezi mzima. Mariamu mwenyewe alikuja kupiga vifungo, bibi alipiga pasi, mimi nilikatazwa kugusa uzi mwekundu. Na siku ya harusi, kwenye uwanja wetu wa Biryogo, chini ya turubai, waliketi kwenye mabenchi ya msikiti wanaume wamevaa kijivu, bluu na kahawia, kila mmoja na kiuno chake, wanakula pilau kwa mikono. Majirani walisimama ukutani kuangalia. Mzee Karangwa alipita mbele yao taratibu, anagusa kola moja moja, kama anakagua mbuzi. Aliporidhika, akakaa. Kuanzia siku ile mtu yeyote Biryogo akipata wakwe kutoka vilimani alikuja kwetu kuuliza, yule mwongozaji yuko nyumbani? Niliwatembeza wengi. Wote niliwapitisha nyuma.

Baadaye mji huu uliingia katika yale ambayo sote tunayajua. Baba mdogo hayupo. Wale wa mtaroni, wengine sijui waliishia wapi, wengine sitaki kujua. Siku ile lakini ilikuwepo, na haijafutika. Mariamu yupo, anakaa Niboye, nywele zimekuwa nyeupe na bado anacheka polepole.

Na mimi nilirithi cherehani, mkono, na kalenda. Siku ile pasi ya jirani ilipokuwa inatoa moshi, mteja wangu mmoja, mama mkubwa wa ofisi, alisimama kule juu barabarani, hakutaka kushuka na viatu vyake, akaita mbele ya mtaa mzima: "Zena. We Zena. Gauni yangu iko wapi?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikaweka mkasi chini, nikanyoosha mgongo, kichwa juu, nikaitika.